Mjamzito uliye Uingereza, usiikatae sindano ya kifaduro

Dada zangu mlio wajawazito huku Uingereza, mkunga akikutajia chanjo ya kifaduro, usimwambie ulishachanjwa nyumbani. Jibu hilo nalisikia sana kwa wenzetu, na najua linakotoka. Kliniki za kwetu mjamzito hupigwa sindano ya pepopunda, basi mtu akisikia sindano ya ujauzito anadhani ni ileile. Ya huku inakinga pepopunda, dondakoo na kifaduro kwa pamoja, na anayelengwa hasa ni mtoto.

Mtoto akizaliwa huku, chanjo yake ya kwanza ya kifaduro ni wiki ya 8. Kabla ya hapo hana kinga isipokuwa ile aliyopewa na mama yake. Na kifaduro cha kichanga hakifanani na cha mtoto mkubwa. Huenda usisikie ule mlio wa kuvuta pumzi kwa shida, wala kikohozi chenyewe. Pumzi inakatika tu, midomo inabadilika rangi. Anayemwambukiza mara nyingi ni mtu wa nyumbani humo humo, mwenye kikohozi anachokiona cha kawaida. Mwaka 2012 ugonjwa huu uliua vichanga 14 hapa, ndipo Oktoba wajawazito wakaanza kuchanjwa. Mwaka 2024 ulirudi kwa kishindo, na England pekee ilizika vichanga 11. Inaniuma, maana kinga ipo na hulipii hata senti.

Ukichanjwa, mwili wako unatengeneza kinga, nayo inapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Inahitaji muda, kwa hiyo sindano hutolewa kuanzia wiki ya 16, na ni vizuri uwe umeipata kabla ya wiki ya 32. Umechelewa? Iombe hivyohivyo. Mimba nyingine, sindano nyingine, kwa kuwa kinga hupungua.

Wengi wanaogopa kumdhuru mtoto tumboni. Ni hofu ya mama, iulizie bila aibu. Chanjo hii haina kijidudu hai, haiwezi kuwapa kifaduro. Mkono utauma siku moja mbili, pengine na homa kidogo.

Ukifika wiki ya 20 na hakuna aliyekutajia, mpigie mkunga au daktari wako. Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani, naye hulipii. Na mtoto akishazaliwa, chanjo zake mwenyewe ziko palepale.