Affidavit ni sentensi nzima

Wiki iliyopita, katika steshenari ninayochapia nyaraka hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, alifika bibi mmoja kutoka Tukuyu akiwa na bahasha mkononi, akasema, "Mwanangu, nimeambiwa nilete afidaviti." Katika cheti chake cha ubatizo jina la ukoo limeandikwa kwa "ky", kama sisi Wanyakyusa tunavyolitamka, ilhali katika kitambulisho cha taifa limeandikwa kwa "ch", na tofauti hiyo ndogo ilikuwa imekwamisha mafao ya marehemu mumewe. Alidhani afidaviti ni fomu inayouzwa. Nilipomwambia kwamba ni kiapo, aliiweka bahasha mezani na kuuliza, "Kumbe ninaapa?"

Swali hilo ndilo linalofungua neno lenyewe. Waingereza walilichukua "affidavit" kutoka Kilatini cha zama za kati, ambako halikuwa jina bali kitenzi, kutokana na "affidare", ambacho nacho kinatokana na "fides", yaani imani au uaminifu. Kiishio chake kinabeba nafsi ya tatu na wakati uliopita, hivyo neno zima ni sentensi kamili: "ameapa". Kiswahili nacho huyabeba yote hayo katika neno moja, ila sisi huvitanguliza viambishi vya nafsi na wakati mbele ya mzizi, na Kilatini huvipachika nyuma. Katika Kiingereza kitenzi hicho kiligeuka jina la karatasi, kikapewa hata "s" ya wingi.

Mimi napendelea "hati ya kiapo", kwa sababu anayeisikia anajua papo hapo anachokwenda kufanya. Mwapaji anatakiwa kueleza mambo ya hakika anayoyajua mwenyewe, si hoja wala tetesi, kisha aape mbele ya kamishna wa viapo, ambaye mara nyingi ni wakili, naye kamishna aonyeshe mahali na tarehe ya kiapo hicho. Huniuma sana ninapoona mtu akitia saini karatasi ambayo hakusomewa, kisha akaondoka akiulizia mhuri tu.

Bibi nilimsomea aya moja moja, taratibu. Tulipofika kwenye aya ya majina alinisimamisha, akaniomba niirudie, kisha akasema, "Hapo andika kwamba yote mawili ni yangu. Hilo ninalijua, naweza kuliapia."