Kadi za vivumishi: wiki ya 4, sheria ya jirani imekufa

Haya nimerudi. Wiki ya 3 sikuandika kitu maana stima ilikuwa yapotea kila magharibi na hizi kadi nazichora usiku nikitoka kazini. Kwa anayesoma mara ya kwanza, namtengenezea mpwa wangu kadi, yuko gredi ya 5, kila kadi ina sentensi moja ya Kiingereza na kazi yake ni kutafuta kivumishi halafu achore mshale mpaka kwa nomino inayosifiwa. Nakata maboksi ya biskuti, kivumishi natia wino mwekundu na nomino buluu upande wa nyuma ili ajisahihishe. Sasa ziko 62.

Zile za mwanzo zilikuwa mteremko. "The tired conductor bought cold juice": tired kwa conductor, cold kwa juice, kwisha. Kiingereza kawaida kivumishi chatangulia nomino, kwa hivyo kijana akajitungia sheria yake, kwamba mshale waenda kwa jirani wa karibu, na kwa kadi ishirini hivi hakukosa hata moja, nami nikaanza kujiona mwalimu.

Ikaja kadi ya 23. Hiyo niliandika siku niliyopita Mji wa Kale nikitazama ile milango ya nakshi: "The old doors of the town are beautiful." Old kampeleka kwa doors, sawa. Beautiful kampeleka kwa town. Namuuliza mbona, aniambia "mjomba si town ndo iko karibu, na kwani Mombasa si nzuri?" Sasa hapo utamjibu nini?

Nilipata jibu nikiwa kwenye feri narudi Likoni. Kivumishi cha Kiswahili chavaa sare ya nomino yake, ukikisikia tu wajua ni cha nani, lakini beautiful ni beautiful tu, mlango mmoja, milango mia, mji, hakigeuki. Basi aigeuze sentensi kwa Kiswahili kisha asikilize mwanzo wa neno: milango ya kale ya mji ni mizuri. Mi-zuri. Ingekuwa mji angesema mzuri. Kesho yake nikamwambia ajaribu, akanyamaza, midomo yacheza pole pole, kisha akachukua raba akafuta mshale mwenyewe. Nilifurahi kuliko yeye wallahi.

Lakini dawa hii haiponyi kila kitu. Maneno kama safi, rahisi na ghali hayana sare hata kwa Kiswahili, ukisema "vyumba vya nyumba ni safi" sikio halikusaidii, hapo inabidi aulize tu: ni nini kilicho safi? Anayetajwa kabla ya is au are ndo mwenyewe, na kama ametajwa na maneno mengi, rudi kwa nomino kubwa inayobeba hayo mengine.

Halafu kuna samaki. Kadi ya 41, "The fish smells bad." Kijana kageuza vizuri kabisa, samaki ananuka vibaya, kisha akasema vibaya ni kielezi, yaeleza kunuka, kwa hivyo hakuna kivumishi hapa. Kwa Kiswahili ana haki yake! Kwa Kiingereza lakini smells hapo yafanya kazi kama is, yaunganisha tu, na bad ni sifa ya fish. Vitenzi vya namna hii (look, taste, feel, seem) nimevipa rangi yao, kijani. Friendly nayo ilimtega kwa ile -ly ya mwisho, akadhani kielezi, lakini hiyo dakika mbili tu tukamaliza. Coconut oil nimeitoa kabisa kwa sasa, coconut ni nomino iliyokaa kwenye kiti cha kivumishi na sitaki kumchanganya kabla samaki hajamkaa kichwani.

Jana usiku nimeandika ya 62, "a hot cup of tea", nikaipenda. Mshale wangu nimeuchora kwa cup, maana ndiyo nomino kubwa na tea imening'inia nyuma yake. Leo asubuhi kijana kaisoma, akatazama kikombe changu mezani, akakigusa. "Mjomba, kikombe kimepoa. Chai ndo moto."

Kadi bado iko mezani, ina mishale miwili.