Nilivyolizoea Benzi Kuukuu Mjini Tabora

Nilipolikuta gari hili lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe, uani kwa mzee mmoja mstaafu wa Isevya, na maembe ya misimu miwili yalikuwa yamekwisha kuacha alama zake juu ya boneti. Lilikuwa Mercedes-Benz 230E la mwaka 1989, namba A, rangi ya buluu iliyokolea ambayo juu ya paa ilikuwa imepauka kama kitenge kilichoanikwa juani mwaka mzima. Mzee alianza na shilingi milioni 6, tukazungumza kwa siku tatu kwa adabu zote za kununua kitu kwa mtu aliyekuzidi umri, hatimaye tukakubaliana shilingi 4,800,000, fedha ambayo mwaka ule wa 2021 isingenitosha kununua bajaji mpya. Nilipompeleka mke wangu kuliona, alilizunguka mara moja, akachungulia ndani, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hili ni la kuendesha au la kufugia kuku?"

Swali lake lilikuwa la haki. Walimu wenzangu walikuwa wakikopa kwenye chama cha akiba na mikopo ili wanunue vigari vidogo kutoka Japani ambavyo spea zake zinapatikana kila kona ya mji, nami nilikuwa ninakwenda kununua gari lililoacha kutengenezwa tangu miaka ya tisini. Sababu yangu ilikuwa ya kitoto, wala sikuificha. Nilipokuwa shule ya msingi hapa Tabora, gari la namna hii lilipita siku moja kuelekea stesheni, likiwa limebeba mgeni wa serikali, na lilipita bila kelele, vumbi likiinuka nyuma yake taratibu kana kwamba nalo limeambiwa listahi. Wakubwa zetu walikuwa na neno lao la kejeli, Wabenzi, kwa viongozi walionenepa baada ya uhuru, na neno hilo nililijua kabla sijajua benzi lenyewe linafananaje. Sikutaka kuwa Mbenzi. Nilitaka kujua mlango ule unafungwa kwa sauti gani.

Nilikwenda kulikagua nikiwa na sumaku ya maabara ya fizikia. Bati lililooza likazibwa kwa pati na kupakwa rangi huonekana zima machoni, ila sumaku haishiki juu ya pati, kwa hiyo niliipitisha kwenye kingo za matairi, chini ya milango, na hasa pale ubavuni penye vifuniko vya plastiki vya kuingizia jeki, mahali ambapo maji na tope hujificha kwa miaka. Ilishika kote isipokuwa sehemu moja nyuma kulia. Tabora haina chumvi ya bahari, na nadhani hilo peke yake ndilo lililoliokoa gari hili, maana gari la umri uleule lililozeekea pwani lingekuwa limekwisha kuwa ungo. Injini iliwaka kwa betri ya kuazima baada ya kukohoa mara mbili, nikafungua kifuniko cha oili sikuona ute mweupe wa maji, nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi nikainusa, haikunuka kuungua. Mambo mengine yote yalikuwa mabovu.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi hunaswa na tamaa ya bei, wakatoa fedha yote waliyonayo siku ya kununua. Mimi nilikuwa na shilingi 7,200,000, na nilikuwa nimejiapiza kwamba gari lisile zaidi ya theluthi mbili ya fedha hiyo. Theluthi iliyobaki niliigawa kwa kanuni moja tu: kitu kinachoweza kuua mtu au kuua injini kitengenezwe kabla gari halijapita geti la nyumbani, na kitu kinachoniudhi tu kisubiri. Hivyo breki zilibadilishwa mipira na mafuta, bol-jointi za mbele, vile viungo vya magurudumu, zikabadilishwa, mikanda na mipira ya maji ikatolewa yote, na mipira ya petroli iliyokuwa imekauka na kupasukapasuka kama udongo wa kiangazi ikatupwa. Simlaumu aliyeliunda gari. Mpira ni mpira, na miaka 32 ya joto haisamehi mpira wa mtu yeyote.

Kabla ya fundi, hata hivyo, mtu wa kwanza kupokea fedha yangu alikuwa mrina asali. Nyuki walikuwa wamejenga nyuma ya bampa, na katika mkoa wetu hilo halikumshangaza mtu isipokuwa mimi niliyetakiwa kuingiza mkono pale. Alikuja jioni na moshi wake, akawahamishia kwenye mzinga, na kwa wiki kadhaa buti la gari lilinukia nta.

Fundi wangu ana gereji ya wazi chini ya miti, na siku ya kwanza alipolala chini ya gari alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniita, "Mwalimu, njoo uhesabu mwenyewe." Kila gurudumu la nyuma la toleo hili hushikiliwa na mikono mitano ya chuma, na kila mkono una mpira pande zote mbili. Ndiyo siri ya ule utulivu wake barabarani, na ndiyo sababu gari lililozeeka huanza kutikisa kiuno kama mcheza ngoma, mpira mmoja baada ya mwingine ukilegea. Tulibadilisha mikono iliyokuwa imekwisha kabisa, ile mingine tukaiacha iendelee kucheza kwa zamu yake.

Kuhusu spea nilijifunza kwa kupoteza. Mara ya kwanza niliagiza kwa simu kutoka Dar es Salaam kwa kusema tu "bushi za Benzi", yaani ile mipira ya mikono, nikaletewa kwa basi bushi za gari jingine kabisa, kubwa kama vikombe vya chai. Baadaye nilielewa kwamba kila kifaa cha kiwandani kina namba inayoanza na herufi A, na tarakimu tatu zinazofuata mara nyingi hukuambia kilikotoka: 124 kwa vitu vya gari lenyewe, 102 kwa vitu vya injini yangu. Hata namba ya chesi husomeka hivyo. Yangu huanza na WDB124. Tangu siku hiyo husafisha kifaa kibovu kwa mswaki na petroli, nikainakili namba yake kwenye daftari, nikaituma kwa ujumbe pamoja na picha. Wauzaji wa Ilala na Gerezani ukiwatajia namba hubadilika sauti, wakaacha kukuita "bosi" na kuanza kuzungumza na wewe.

Yale yaliyoachwa yasubiri ndiyo yaliyonipa raha ambayo sikuitarajia. Chukua milango. Magari ya siku hizi hujifunga kwa mota ndogo za umeme, lakini hili hutumia hewa: kuna pampu ndogo iliyofichwa nyuma ambayo huvuta au kusukuma hewa kupitia mirija myembamba ya plastiki hadi kwenye kiwambo cha mpira ndani ya kila mlango. Ukizungusha ufunguo, husikii mlio wa "tak". Unasikia pumzi ndefu, halafu vitufe vya milango vinashuka kimoja kimoja kama wazee wanaoketi barazani. Kwangu kitufe cha nyuma kulia kilikuwa hakishuki, na pampu ililia mpaka ikachoka. Nilifungua kitambaa cha mlango, nikachomeka bomba la sindano la maabara kwenye mrija, nikavuta. Bomba halikurudi nyuma, maana yake hewa ilikuwa inapenya. Kiwambo kilikuwa kimechanika. Nikauziba mrija ule kwa kipande cha msumari, mingine mitatu ikafanya kazi kikamilifu, na mlango wa nyuma kulia hufungwa kwa mkono hadi leo. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wamejifunza kanieneo ya hewa kwenye mlango huo, na sidhani kama wataisahau upesi.

Kwa pumzi hiyohiyo hufunguka kifuniko cha tangi la petroli, ambacho siku moja kilikataa mbele ya foleni ya bodaboda, nikalazimika kuingiza kichwa ndani ya buti kuvuta kamba ya dharura. Na kwa pumzi hiyohiyo, ukibonyeza kitufe kimoja mbele, mito ya vichwa ya viti vya nyuma huanguka chali kwa pamoja ili dereva aone nyuma. Kuinua ni kwa mkono. Watoto wangu wawili hawajawahi kusafiri na gari hili bila kuomba mito iangushwe, hasa akiwapo mgeni asiyejua.

Saa ya dashibodi imesimama kwenye saa nne na dakika ishirini. Kipimo cha kilomita nacho kilisimama kabla yangu, kwenye 287,416, kwa hiyo nina daftari la pili ambamo ninaandika kila safari ninayoijua umbali wake na lita nilizojaza. Kwa hesabu hizo napata kati ya kilomita tisa na kumi kwa lita, ambayo si hesabu ya kujivunia mbele ya jirani mwenye kigari chake cha Japani, naye hunikumbusha. Kipoza hewa sikukigusa. Magari ya umri huo yalijazwa gesi ya R12, ambayo dunia iliipiga marufuku kwa sababu ya tundu la ozoni chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, na kugeuza mfumo mzima utumie gesi nyingine kungekula fedha ya matairi manne. Mwezi wa Oktoba hapa kwetu huteremsha vioo na kuvumilia.

Oktoba hiyohiyo ndiyo iliyonitia adabu. Nilikuwa nimekwenda Nzega kumchukua mama mkwe wangu, naye alikaa kiti cha nyuma akiwa na kanga zake mbili na kikapu, kimya kama heshima ya mkwe na mkwe inavyotaka. Karibu na Isikizya tulikuta matengenezo ya barabara, tukasimama. Feni ya rejeta, ambayo nilikuwa nimeambiwa inalegea nikasema itasubiri, haikushika, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Gari likitembea upepo hulipoza; likisimama hutegemea feni peke yake. Niliifahamu dawa moja tu ya haraka: kuwasha hita ya ndani hadi mwisho, kwa sababu hita ni rejeta ndogo nyingine, na joto la injini litatokea hapo. Nikateremsha vioo vyote, nikawasha hita, mchana wa saa saba. Mshale ulirudi polepole. Baada ya dakika kama kumi sauti ilitoka nyuma, ya upole kabisa: "Mkwe wangu, umenipakia ndani ya gari au ndani ya bani la kukaushia tumbaku?" Nilimwomba radhi hadi tulipofika Tabora. Wiki iliyofuata feni ilibadilishwa, na kanuni yangu ya vitu vinavyoua injini nikaiandika upya, feni ikiwa juu kabisa.

Kuendesha kwenyewe kunahitaji mtu ajirekebishe kulifuata gari. Giaboksi ya otomatiki ina gia nne, lakini katika mwendo wa kawaida huondoka na gia ya pili, hivyo taa zikiruhusu bodaboda zote hunipita, nami huondoka kama bwana harusi. Mshale wa presha ya oili, uliopimwa kutoka 0 hadi 3, huanguka hadi karibu na 1 injini ikiwa ya moto na gari limesimama, kisha hupanda mpaka 3 ukigusa mafuta kidogo tu; shemeji yangu aliyeliazima aliliegesha kando ya njia akanipigia simu akidhani ameniulia injini. Ndivyo lilivyo, nilimwambia, na nikasikia sauti yangu ikiwa na majivuno.

Lakini ukiniuliza kitu kimoja ambacho ningekataa kukibadilisha hata kwa kipya, ni waipa. Gari lina waipa moja tu, katikati, na mkono wake si wa kwenda na kurudi kama pendulamu; ukielekea kwenye pembe ya kioo hurefuka, ukipita katikati hujifupisha, ukielekea pembe ya pili hurefuka tena, kwa namna hiyo ukafuta asilimia 86 ya kioo. Ya kwangu ilikuwa imekauka grisi ndani ya kifuko chake cha gia, ikawa inarukaruka kama panzi. Tuliifungua, tukaisafisha, tukaijaza grisi mpya, kazi ya asubuhi moja isiyogharimu shilingi elfu kumi. Mvua za kwanza za Novemba zilipopiga, mvua zetu zile zinazoanza kwa upepo wa vumbi na kumalizika kwa mfereji, niliegesha gari mbele ya nyumba, nikawaita watoto, tukaitazama ikinyoosha shingo na kuirudisha.

Ubaya ni kwamba mpira wa kioo cha mbele haujabadilishwa, na upande wa abiria hudondosha tone moja kila baada ya dakika mbili au tatu. Spea imekwisha kuagizwa. Kwa sasa, wingu likitanda, mke wangu hufungua kijidroo cha mbele, akatoa kitambaa, akakitandaza magotini bila kuambiwa, na kuendelea na mazungumzo yake.