Picha ya dakika ya tano

Mama yule wa miaka 38 alikuja kwenye chumba changu cha picha na maumivu ya tumbo, na fomu iliyokwisha kumhukumu: "Uvimbe wa ini, saratani? Naomba achomwe sindano, kitolewe kinyama."

Sindano niliikataa palepale. Kwenye ultrasaundi lilionekana duara la sentimita 4, jeupe kuliko ini lililolizunguka, kingo zake safi. Hemanjioma, yaani fundo la vimishipa vya damu, hukaa hivyo hasa, na ukilichoma linaweza kuvujia tumboni. Tatizo ni kwamba saratani iliyosambaa kutoka utumbo nayo huweza kuwa nyeupe. Kwa hiyo nikauliza: homa ya ini B? Kipimo kilikuwa hasi. Sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, au saratani yoyote zamani? Hapana. Vidonge vya uzazi wa mpango? Hajawahi. Angekuwa anavitumia, ningewaza adenoma, uvimbe wa ini usio saratani ambao vidonge hivyo huuchochea: vidonge huachwa, picha hurudiwa baada ya miezi 6, na ikibaki imezidi sentimita 5 hukatwa. Kwa mwanamume hukatwa hata ikiwa ndogo.

Sitiskani alikuwa ameshapigwa kwingine, na hapo ndipo mkosi ulipoanzia. Walipiga mara moja tu, sekunde 70 baada ya dawa ya mshipani, ile inayong'arisha picha. Wakati huo hemanjioma imejaa pembeni, katikati bado ni giza, na msomaji akaandika "uvimbe uliooza katikati".

Tukarudia. Kreatinini kwanza, kipimo cha figo, kisha kanula ya kijani, mrija mdogo wa mshipani, kwenye kiwiko, mililita 100 za dawa kwa mililita 3 kila sekunde. Sekunde ya 35: vinundu vyeupe ukingoni, vimeachana. Vingeungana kuwa pete kamili ningeingiwa na hofu. Sekunde ya 70: vimenenepa kuelekea ndani. Dakika ya 5: duara lote limejaa, weupe wake sawa na wa mishipa mikubwa. Saratani nyingi kufikia hapo zimeshaanza kutoa dawa. Hii ilikuwa imeishikilia.

Na maumivu? Mawe ya nyongo. Yalikuwepo kwenye ultrasaundi ileile, ila neno "uvimbe" lilikuwa limeyafunika.

"Kwa hiyo dokta, hiki kinabaki?"

"Kinabaki, mama. Hakihitaji dawa wala upasuaji. Hata ukitaka kuzaa, zaa. Nyongo ndiyo tutakupeleka kwa daktari wa upasuaji."

Akaniomba niandike kwa Kiswahili, maana karatasi ile ingesomwa na shemeji zake. Chini ya ripoti nikaongeza kwa kalamu: "Si saratani." Akanirudishia. Nilikuwa nimesahau kugonga muhuri.