Kubadilisha oili ya difu kwenye gari la fowili

Oili ya injini ina watetezi wengi. Ina taa yake kwenye dashibodi, ina kijiti cha kupimia, na kila fundi huiulizia gari linapoingia gereji. Oili ya difu, yaani ya kile kisanduku cha meno kinachogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, kwa kawaida haina hata kimoja kati ya hivyo. Hukaa ndani ya chuma kilichofungwa, haionekani, na ikichoka haiwashi taa yoyote. Mara nyingi dalili ya kwanza ni mvumo unaosikika mtu anapokanyaga mafuta, na mvumo huo ukishaanza ujue meno au beringi zimekwisha kulika, wala oili mpya haitarudisha kilichopotea. Ndiyo sababu naona kazi hii inastahili kuelezwa kwa kirefu, hasa kwa wenye magari ya fowili, yaani yanayovuta kwa magurudumu yote manne.

Mwenye gari la namna hii akiuliza oili ya difu ni ipi, ameuliza nusu ya swali, kwa sababu chini ya gari lake hakuna difu moja. Ipo difu ya nyuma, ipo ya mbele, ambayo mara nyingi imo ndani ya gamba moja na giaboksi, na ipo transfa, yaani kile kisanduku cha meno kinachogawa nguvu na kuipeleka nyuma kwa propela shafti, ule mti mrefu wa chuma unaozunguka chini ya gari. Mengi ya magari ya siku hizi yana pia klachi inayoongozwa kwa umeme, iliyofungwa mbele tu ya difu ya nyuma, ambayo huunganisha na kuachia magurudumu ya nyuma kadiri inavyohitajika. Klachi hiyo ikiwa ya aina ya Haldex huwa na oili yake peke yake, na katika matoleo kadhaa ina hata chujio lake, ingawa kwa macho inaonekana ni kipande cha difu.

Honda CR-V za vizazi vya mwanzo ni mfano mzuri wa kwa nini nasisitiza jambo hili. Ndani ya difu yake ya nyuma zimo pampu mbili za haidroliki pamoja na pleti za klachi. Magurudumu ya mbele yakiteleza na kuzunguka haraka kuliko ya nyuma, tofauti ya mwendo wa pampu hizo huzaa shinikizo linalobana pleti, na hapo ndipo magurudumu ya nyuma yanapopata nguvu. Mfumo huo unataka oili maalumu iliyotengenezwa kwa ajili yake, na anayemimina humo oili nzito ya gia kwa sababu tu chupa imeandikwa kuwa ni ya difu, ameziwekea pleti kitu ambacho hazikutengenezewa. Hata oili sahihi ikizeeka, gari hunguruma na kutetemeka linapokata kona kali polepole, na katika magari mengi mngurumo huo hukoma oili ikishabadilishwa.

Subaru zina mtego wa namna nyingine. Katika zile za otomatiki, difu ya mbele imo ndani ya gamba la giaboksi, lakini oili za sehemu hizo mbili hazichanganyiki na kila moja ina nati yake ya kumwagia. Kwa kuwa nati hizo zote ziko chini na si mbali moja na nyingine, hutokea mtu akamwaga oili ya giaboksi akidhani anamwaga ya injini au ya difu, kisha akaongeza oili mahali ambapo tayari palijaa, huku giaboksi ikibaki kavu. Zile za gia za mkono ni kinyume chake: giaboksi, difu ya kati (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) na difu ya mbele hutumia oili moja. Kwa hiyo kabla ya kugusa spana, fungua kitabu cha gari, tafuta kila chumba, oili yake na ujazo wake, kisha ingia chini ukazitambue nati zote kwa macho.

Yapo pia maelezo ya kwa nini oili ya difu haiwezi kubadilishwa na oili yoyote nzito. Katika difu nyingi, pinioni, ile gia ndogo inayoingiza nguvu, haikulenga katikati ya krauni, ile gia kubwa inayozungushwa nayo, bali imekaa chini kidogo, na kwa sababu hiyo meno yake hayaviringiki tu juu ya mengine, yanateleza yakiwa yamebanwa na uzito mkubwa sana. Oili ya kawaida ingekamuliwa na kutoka kati ya meno hayo, chuma kikagusa chuma. Oili ya daraja la GL-5, yaani kiwango cha oili za gia zinazobeba mgandamizo mkubwa, huwekewa viungo vya salfa na fosforasi ambavyo, joto na mgandamizo vikipanda, hushikana na uso wa chuma na kuweka utando unaozuia meno yasishikane. Ile harufu kali unayoisikia ukifungua chupa ni ya salfa hiyo. Viungo hivyo hivyo vinaweza kudhuru sehemu za shaba ndani ya baadhi ya giaboksi za mkono zinazotaka GL-4, daraja lenye viungo hivyo kwa kiasi kidogo, kwa hiyo chupa iliyobaki usiimimine popote penye nafasi. Na kama difu yako ni ya kuzuia gurudumu moja lisizunguke ovyo, yaani yenye pleti za klachi ndani, hakikisha oili unayonunua ina kiungo cha kurekebisha msuguano, la sivyo itagonga na kukwaruza kwenye kona.

Kazi yenyewe haina ugumu mwingi. Endesha gari kidogo ili oili ipate joto na itoke vizuri, kisha liinue likae sawasawa, mbele na nyuma kimo kimoja, juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu aliyelala chini ya gari.

Kinachofuata ndicho ninachokichukulia kwa uzito kuliko vyote: legeza nati ya juu, ya kujazia, kabla ya kugusa ya chini. Nati hizi hukaa miaka mingi bila kufunguliwa, zikipigwa na maji na matope, na si ajabu ya juu ikakataa kabisa kulegea. Ukiwa bado hujamwaga oili, unaweza kushusha gari na kulipeleka kwa mtu mwenye vifaa zaidi. Ukiwa umeshamwaga, gari halitoki hapo. Tumia soketi inayoingia kwa kubana, na usafishe tundu la nati kwa brashi ya waya kwanza, maana uchafu ulioganda ndani huifanya soketi ishike nusu na kukwangua pembe. Spana malaya, ile yenye mdomo wa kurekebishwa, isikaribie hapa.

Nati ya chini ikitoka, usiifute mara moja. Nyingi zina sumaku kwenye ncha, na sumaku hiyo inakueleza hali ya difu kuliko mvumo wowote. Ukikuta ujiuji wa kijivu ambao ukiusugua kati ya vidole haukwaruzi, huo ni ulikaji wa kawaida, hasa kwa oili ya kwanza tangu gari litoke kiwandani. Ukikuta vijipande vinavyochoma kidole, au kipande chenye umbo la jino, oili mpya si dawa. Difu inapaswa kufunguliwa. Itazame na oili yenyewe. Nyeusi ni ya kuzeeka, lakini yenye weupe kama maziwa imeingiwa na maji, na hapo chunguza kipumulio, kile kijibomba kidogo kilicho juu ya difu. Difu yenye joto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio au kwenye sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje. Kipumulio kikiziba kwa matope, shinikizo la joto huisukuma oili itoke kwenye sili, na watu hubadilisha sili tena na tena bila kugusa chanzo.

Pima kiasi kilichotoka, kwa sababu difu za magari mengi madogo ya namna hii hubeba lita moja hivi au pungufu, na upungufu mdogo tu ni sehemu kubwa ya ujazo wote. Rudisha nati ya chini ikiwa na washa mpya (ile pete nyembamba inayozuia kuvuja), uikaze kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni. Gamba likiwa la alumini, nyuzi zake huharibika upesi. Jaza kwa bomba la mkono kupitia tundu la juu mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye mdomo wake, isipokuwa kitabu kinataja kimo kingine. Usiizidishe, maana oili iliyozidi hupigwa ikatoa povu, na povu halilindi meno.

Kuhusu muda wa kubadilisha, baadhi ya watengenezaji husema oili hii ni ya maisha yote ya gari. Sikubaliani nao. Transfa nyingi zimekaa karibu na bomba la moshi, zina oili kidogo, na joto huichosha haraka. Binafsi hubadilisha kila kilomita 50,000, na mapema zaidi gari linapovuta mizigo au kupita majini mara kwa mara. Ukibadilisha, kagua pia tairi: zisizolingana kwa ukubwa au kulika huzilazimisha difu na klachi kufanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka, na oili nzuri huungua kabla ya wakati wake.

Endesha kidogo, rudi chini na kitambaa kikavu, pitisha kwenye kila nati. Kikitoka kikavu, andika kilomita na aina ya oili kwa kila chumba, kisha oili chakavu uipeleke mahali inapokusanywa.