Vumbi la asbesto lilikuwa linarudi na baba nyumbani

Jamani hili jambo limenikaa moyoni. Baba alikuwa fundi wa paa, enzi zile asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi yanayochanganywa na saruji kutengeneza paa, iko kila mahali, shule, kota za serikali, magodauni, na alikuwa anaikata kwa msumeno bila hata kitambaa puani, jioni anarudi ovaroli imejaa vumbi sisi watoto tunamrukia mlangoni, halafu mama anaikung'uta uani ndo anaifua. Nani angejua?

Nyuzi zake ni ndogo mno huzioni kwa macho, ukizivuta zinaganda kwenye mapafu, na kansa ya utando wa mapafu, mesothelioma, inaweza kutokea miaka 20 mpaka 40 baadaye au hata zaidi, ndo maana kuna wake za wafanyakazi walioumwa kwa kufua nguo tu. Kenya waliipiga marufuku 2006 ila paa za zamani bado zipo, tafadhali usizivunje wala kuzikata mwenyewe, watafute wenye kibali.

Mama siku hizi anakohoa. Wiki ijayo nampeleka picha ya kifua, nimemwambia amtajie daktari zile ovaroli hata asipoulizwa.