Jumamosi yangu na soprano mpya, kuanzia alfajiri mpaka ukumbini

Saa 11 alfajiri. Nimeshaamka, leo soprano, saksafoni ndogo ya sauti ya juu, inaingia kazini mara ya kwanza na nina harusi ya kupiga kanisani mchana na ukumbini usiku. Ni Yamaha YSS-475, imetumika, nimeinunua kwa milioni nne na ushee, ile iliyonyooka moja kwa moja isiyo na shingo ya kuchomoa. Miaka yote mi ni mtu wa saksafoni teno, lile domo la bata mnalolijua kwenye bendi za dansi, na kila nikimwambia mtu nimenunua soprano ananiuliza si vidole ni vilevile? Vidole ni vilevile kabisa, na zote mbili ni za B flati, yaani nikipiga C yangu kwenye kinanda ni B flati, soprano tu iko oktavu moja juu ya teno, kwa hiyo mpiga kinanda akisema F mimi naenda G kama siku zote. Kinachobadilika ni mdomo na sikio, na hapo ndo kazi ilipo.

Saa 12 asubuhi. Noti ndefu. Naanza na mausipisi, kile kipande cha mdomoni, peke yake bila saksafoni, naipuliza naangalia tyuna ya kwenye simu, ile programu ya kupima noti. Mausipisi ya teno ikipulizwa peke yake inatakiwa ikupe G ya kinanda, ya soprano inatakiwa C. Ukibana midomo sana inaruka juu ya C, ukilegeza kizembe inadondoka, na mtu aliyetoka kwenye teno atabana tu maana anaona kamdomo ni kadogo anadhani kanahitaji nguvu. Hakahitaji nguvu aisee, kanahitaji upepo mwingi na midomo iliyotulia. C ikishakaa ndo naivalisha kwenye koki, ile shingo yenye kizibo ya saksafoni, na kuanza kushuka noti moja moja.

Hii yangu ina tabia zake nimeshazijua. D ya katikati, ile ya kufunga vidole vyote na kubonyeza kitufe cha oktavu, inapanda. C shapu inayoifuata kwa chini, vidole vyote vimeachia, inashuka. Sasa hizo noti mbili zimekaa jirani, moja inakuvuta juu nyingine inakuvuta chini, ukipita hapo bila kuzisikia kwanza kichwani lazima utoke nje ya sauti. Teno nayo ina ugonjwa huohuo ila inakusamehe, bomba lake ni refu ukisogeza mdomo kidogo noti nayo inasogea kidogo, huku bomba ni fupi, ukitetereka kidogo tu mpaka aliyekaa siti ya nyuma anajua. Yaani unapiga huku unaimba ndani kwa ndani muda wote, na kwa kweli napenda hivyo, nilikuwa nimeanza kuzoea kuiachia mikono kazi.

Saa 2. Kwenye bajaji kuelekea kanisani na earphone masikioni. Sidney Bechet kwanza, huyu alikuwa mpiga klarineti wa New Orleans, soprano yake iliyonyooka aliipata London kwenye mwaka 1920 hivi, na ukimsikiliza ile sauti inatetemeka pana imejaa kama mtu mzima anaimba kwa kifua chote. Halafu John Coltrane, mpiga teno wa jazi mwenzetu, mwaka 1960 akaigeukia soprano ikatoka kitu tofauti kabisa, sauti ya puani, kavu, inazunguka inarudi inazunguka. Saksafoni aina moja na hao watu wawili hawafanani hata chembe, kwa hiyo anayeniambia soprano ni ya nyimbo laini za hotelini tu namwomba akawasikilize hao wawili kwanza.

Saa 4. Mazoezi na mpiga kinanda na fundi mitambo. Fundi kaniwekea maiki imetazama mdomo wa saksafoni, pale chini inapoishia, nikapuliza ikatoka sauti nyembamba ya bati, inakera. Hapa wengi wanakwama wanalaumu saksafoni. Sauti ya soprano iliyonyooka inatokea kwenye matundu yote pembeni, zile noti za chini kabisa ndo zinatokea kule mwisho, kwa hiyo maiki ikilenga mwisho tu unakosa nyama yote. Nikamwambia kaka hebu ipandishe, itazame katikati ya vidole, umbali wa shubiri moja hivi kutoka kwenye bomba. Akaisogeza, akaniangalia, akatoa bezi kidogo kwenye mixa, tukaelewana.

G shapu ilikuwa inanata, pedi imeshika unyevu, nikapitisha karatasi ya sigara nikafunga na kufungua mara kadhaa ikaachia.

Saa 8 mchana. Bibi harusi anaingia. Nilianza chini, maana soprano chini ina giza zuri ambalo watu hawalitegemei, halafu alipofika katikati ya kanisa nikapanda oktavu, na palepale nikaona vichwa vinageuka kutafuta nani anaimba. Ile katikati ya soprano, kuanzia G mpaka A ya juu, ndo sehemu tamu kuliko zote. Ukipita hapo ukaingia zile noti za funguo za kiganjani, D na E flati na F, hapo punguza haraka ya kujionyesha, zinapiga kelele kama hujazizoea.

Saa 10. Nje matarumbeta wanasubiri kwenye pikapu na ngoma lao kubwa, kiongozi wao ananijua, kaniita njoo upande. Jua la Dar lilikuwa kali, bomba likachemka, sauti ikapanda juu yao wote, ikabidi nivute mausipisi nje kidogo. Lakini sasa! Teno yangu huwa inamezwa pale, hata nipasuke mapafu sijisikii, soprano ilikata katikati ya tarumbeta na ngoma bila mimi kuhangaika.

Saa 1 usiku. Ukumbini, AC baridi kweli, saksafoni ileile sasa inashuka, mausipisi inarudi ndani. Wakati wa chakula maharusi waliomba nyimbo za Kenny G, yule mpiga soprano wa Marekani, na nilipiga kwa moyo wote. Huyu baba mwaka 1997 alishika noti moja zaidi ya dakika 45 kwa kupumua kwa mzunguko, yaani kuvuta hewa puani huku mdomo unaendelea kupuliza, na ukishaishika soprano mwenyewe ukajaribu noti moja dakika moja tu isiyumbe, heshima inakuja yenyewe.

Saa 3 na nusu. Hiki ndo sitakisahau. Tumeingia kwenye kipande cha chakacha, nikaachia kifua nikabana sauti puani makusudi, nateleza kati ya noti na noti, akanijia mama mmoja mtu mzima wa Tanga, nikamwamkia shikamoo mama, akasema marahaba mwanangu, hilo zumari umelipata wapi, sijalisikia tangu nikiwa msichana. Nikamwonyesha, akaligusa, akasema basi lina mate ya zumari hilo, piga tena. Na ana haki. Zumari ni bomba linalopanuka kuelekea chini na soprano hivyohivyo, zote zinapulizwa kwa utete mdomoni, zote zinalia kwa uchungu uleule hata wimbo ukiwa wa furaha. Sisi watu wa pwani sauti hii tulikuwa nayo kwenye ngoma zetu za harusi, ndo maana nataka kukaa na wazee wanaopuliza zumari nijifunze jinsi wanavyoingia na kutoka kwenye noti, soprano inaweza kubeba hayo yote.

Saa 7 usiku. Nyumbani. Nimevuta kitambaa ndani ya bomba mara mbili, ridi, yaani ule utete, nimeirudisha kwenye kibweta chake, dole gumba la kulia linauma maana uzito wote wa saksafoni iliyonyooka unalalia hapo, kesho nafunga mkanda wa shingoni. Asubuhi nina ibada ya kwanza na wimbo wa sadaka uko A flati, kwangu mimi hiyo ni B flati, yaani nitamalizia kwenye noti ya chini kabisa ya soprano, na maiki nitaomba mbili.